Kutoka Moshi hadi Maziwe: shajara ya kikundi kwenda kuangalia matumbawe

Naiandika hii kama katibu wa kikundi. Vikundi jirani wameanza kuuliza tunafanyaje, kwa hiyo nimeona niweke kila kitu wazi, pamoja na pesa iliyoliwa bure. Hatua zilizokwenda sawa nazipita harakaharaka. Palipokwama ndipo nitakaa.

5 Oktoba 2024: Uamuzi

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina wanachama 14. Wanne tunafanya kazi mlimani, dada mmoja ana saluni, yupo fundi bomba, yupo mwalimu mstaafu ambaye wote tunamwita Mama Mkubwa, waliobaki ni watu wa maduka na ofisi. Hoja aliileta mwenyekiti: kila msimu tunapandisha wageni Kilimanjaro, wakishuka wanapanda ndege kwenda Zanzibar kuangalia samaki, sisi tunabaki kuanika mahema. Safari hii sehemu ya mgao isigawanywe, iende baharini.

Zanzibar ilianguka kwenye hesabu ya kwanza tu, nauli ya boti juu ya gharama ya gari. Mafia ndiyo kabisa. Ikabaki Pangani, mkoani Tanga, na kisiwa cha Maziwe kilichoko mbele yake. Maziwe ni fungu la mchanga lililozungukwa na miamba ya matumbawe, na ni eneo tengefu la bahari tangu 1975. Zamani lilikuwa na miti. Siku hizi ni mchanga mtupu, na bamvua, yaani yale maji makubwa ya mwezi, likijaa sawasawa linafunikwa lote.

Tarehe ilileta mabishano kuliko pesa. Krismasi haikuzungumzwa, maana Desemba Mchaga hatoki Moshi, anarudi. Wengi walitaka Pasaka, ila mwakani Pasaka ni 20 Aprili, katikati ya masika. Wakati huo upepo wa kusi umeanza, bahari imechafuka, na mto Pangani unamwaga tope. Maji mazuri ya kuangalia samaki upande wetu wa pwani ni ya kipindi cha upepo wa kaskazi, mvua za vuli zikishapita na kabla masika hayajaingia. Tukasema Februari. Sisi wa mlimani tulinung'unika kwa sababu ni msimu wa kazi, lakini bahari haina msimu wa kutubembeleza.

Makisio: shilingi 250,000 kwa kila mtu. Kisha mwenyekiti akauliza nani anajua kuogelea. Mikono ilinyanyuka mitano, na wa fundi bomba ulinyanyuka nusu.

Tulikubaliana pia kwamba safari ni ya kuelea juu kwa miwani na mrija, yaani snokeli, siyo ya kuzama na mitungi. Mtungi unataka kozi, mwalimu na pesa. Snokeli inataka uso uliotulia majini. Vijana wawili wa mlimani walisema wao mtungi wataujaribu kwa mfuko wao. Hao wana sura yao huko mbele.

19 Oktoba: Miwani ya mitumba

Moshi hakuna duka la vifaa vya kuzamia la kueleweka, kwa hiyo tulianzia soko la mitumba la Memorial. Ukiwa mvumilivu, kwenye marobota ya vitu mchanganyiko hutoka miwani ya kuzamia, mirija, hata mapezi ya miguuni. Tulikusanya miwani tisa na mirija sita kwa shilingi 96,000. Kati ya miwani tisa, iliyofaa ni mitano.

Minne iliyotupwa ilikufa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mpira. Miwani ya zamani ina ukingo wa mpira mweusi ambao ukikaa miaka unakauka na kupata nyufa ndogondogo. Ukiukunja kidogo unaziona. Tafuta yenye ukingo wa silikoni, laini, unaopenyeza mwanga. Sababu ya pili ni kwamba miwili haikuwa ya kuzamia, ilikuwa ya kuogelea bwawani, ile inayofunika macho peke yake. Hiyo ukishuka nayo mita mbili tatu maji yanaigandamiza kwenye macho na huna namna ya kuongeza hewa ndani. Miwani ya kuzamia lazima ifunike na pua, ili ukipuliza kidogo kwa pua mgandamizo usawazike.

Kipimo cha kununulia hiki hapa, hakihitaji maji: weka miwani usoni bila kuvuta mkanda nyuma ya kichwa, vuta hewa kidogo kwa pua, achia mikono. Ikibaki imeshika, ni yako. Ikidondoka, ni ya mtu mwingine hata kama ni nzuri kiasi gani. Pale sokoni tulikusanya watazamaji, maana watu wazima sita walikuwa wamesimama kwenye foleni wakivuta pua.

Seti tano mpya, miwani na mrija, tuliagiza Dar kwa basi kwa shilingi 45,000 kila moja, jumla 225,000. Waliobaki watapokezana.

9 Novemba: Uso ndani ya maji

Bwawa la hoteli, asubuhi za Jumamosi kabla ya watu kujaa. Hapa ndipo nilipojifunza kwamba kuogelea siyo kikwazo cha kwanza. Kikwazo cha kwanza ni kuvuta hewa kwa mdomo huku uso uko majini. Mwili unakataa. Mtu anajua mrija uko juu, anajua hewa ipo, lakini maji yakigusa mashavu anakaza shingo na kusimama.

Tulianza kwa kuwafundisha mwendo wa mikono na miguu, tukapoteza asubuhi mbili nzima. Kilichofanya kazi ni kugeuza mpangilio. Simama maji ya kiunoni, shika ukuta wa bwawa, tumbukiza uso, vuta hewa kwa mrija mpaka uchoke kuogopa. Hakuna kwenda popote. Mama Mkubwa alikuwa wa kwanza kutulia. Alikuwa anahesabu kimoyomoyo kama anasimamia mtihani, na akatoka majini kuwaambia vijana, “Ninyi mnapumua kama mnakimbizwa na mbwa.” Baada ya hapo tulianza kumwita yeye kila mtu mpya alipogoma.

Miwani mipya ilifanya ukungu balaa. Ya mitumba haikufanya. Sababu ni utando mwembamba unaobaki kwenye kioo kutoka kiwandani. Wa mitumba ulishasuguliwa na wenyewe zamani. Dawa yake ni dawa ya meno ya kawaida nyeupe, siyo ile ya jeli. Paka ndani ya kioo, sugua kwa kidole dakika kadhaa, suuza, rudia. Kisha kila unapoingia majini tema mate kwenye kioo, zungusha, suuza mara moja. Waliosikia kinyaa tuliwapa shampuu ya watoto iliyochanganywa na maji, inafanya kazi ileile.

Kuvuja kulituchukua muda mrefu zaidi, na kulikuwa na siri yake. Waliovujiwa sana walikuwa wanawake waliosukia rasta zenye vishungi vya mbele, na wanaume wenye sharubu. Ukingo wa miwani ukilalia nywele, hata chache, maji yanapita. Tulijaribu kukaza mkanda, ikawa mbaya zaidi, maana mkanda ukikaza mno ukingo unapinda na kufungua njia upande mwingine. Dada wa saluni ndiye aliyelitatua: akawasuka wote twende kilioni, imerudi nyuma moja kwa moja, paji la uso wazi. Kuvuja kukaisha. Wanaume tukaambiwa tuchague kati ya sharubu na samaki. Mmoja alipaka mafuta ya mgando kwenye sharubu, yakasaidia kiasi, lakini Jumamosi iliyofuata alikuja amenyoa.

16 Novemba: Mrija wa bomba la maji

Mirija haikutosha, fundi bomba akajitolea kutengeneza. Alikuja na bomba la plastiki lenye kona mbili, limekatwa vizuri, limelainishwa mdomoni, urefu unazidi mita moja. Hoja yake ilikuwa na mantiki ya kifundi: kama mrija mfupi unakuweka juu, mrefu utakuruhusu kutembea chini kabisa ya bwawa.

Alishuka, akavuta hewa mara mbili, akapanda juu kwa kasi akikohoa, kifua kimembana. Hakuumia, lakini jambo lenyewe ni la hatari na nimeona baadaye kwamba watu wengi huwa na wazo hilohilo, kwa hiyo nalieleza. Kila mita ya maji inakandamiza kila sentimita ya mraba ya kifua kwa uzito wa gramu 100. Kifua cha mtu mzima kina mamia ya sentimita hizo. Hewa iliyo kwenye mrija ni ya juu, haijakandamizwa, kwa hiyo misuli ya mbavu inatakiwa kunyanyua mzigo wote huo ili uvute pumzi moja. Haiwezi. Isitoshe, mrija mrefu unabaki na hewa uliyoitoa mwenyewe. Unavuta uchafu wako. Ndiyo maana mirija ya kununua haizidi sentimita 40 hivi. Mzamiaji wa mtungi anaweza kupumua chini kwa sababu kifaa cha mdomoni humpa hewa iliyokandamizwa sawa na maji yanayomzunguka.

Bomba limerudi kwenye kazi yake. Gharama: sifuri, fundi amekataa kulipwa.

30 Novemba: Chemka

Bwawa la hoteli halina mkondo, halina kina cha kutisha, na halina samaki. Tukakodi Hiace kwenda Chemka, chemchemi za Kikuletwa, njia ya Boma Ng'ombe. Usafiri na viingilio vilikuja 190,000. Watu huiita maji moto lakini ni ya uvuguvugu tu, na ni maangavu mpaka unaona mizizi ya mikuyu ikishuka chini na visamaki vinavyodonoa vidole. Nenda asubuhi mapema siku ya kazi. Jumapili mchana ni muziki na kamba ya kubembea, utapigwa na mtu anayeshuka kutoka juu. Vijana wa mlimani walipangiwa zamu ya Ijumaa, sisi wengine Jumamosi alfajiri.

Mambo mawili ya kujifunza hapa. La kwanza, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hayakubebi kama ya chumvi. Asiyezoea anazama miguu na kukata tamaa. Tulimwambia kila mtu: ukiweza kuelea Chemka, baharini utaelea umelala. Ilikuja kuwa kweli.

La pili lilitutisha. Vijana wa mlimani walianza kushindana nani atakaa chini muda mrefu. Kabla ya kuzama, mmoja alipuliza pumzi nzito nzito mfululizo, kama tunavyowafundisha wageni kupuliza wakifika Kibo na kichwa kinauma. Alikaa chini muda mrefu kuliko wote, akatoka midomo imebadilika rangi, macho hayamwoni mtu, na kama mwenzake asingekuwa amemshika kwapa angerudi chini kimya.

Kinachotokea ni hiki. Kinachokusukuma kuvuta pumzi siyo upungufu wa oksijeni, ni kujaa kwa kaboni dioksidi. Ukipuliza sana kabla ya kuzama unaiondoa hiyo kaboni dioksidi, lakini oksijeni huongezi kitu cha maana. Kengele ya mwili inachelewa kulia, oksijeni inaisha kabla, unazimia bila kuhisi chochote. Mlimani kupuliza kunasaidia kwa sababu hewa ni nyembamba na mtu hapumui vya kutosha. Majini tabia ileile inaua, hata kwenye maji ya shingoni. Sisi wanne wa mlimani ndio tuliokuwa wagumu kuliacha, limeshakuwa desturi.

Kanuni tulizoandika siku hiyo na kuzibandika kwenye sanduku la vifaa: hakuna mashindano ya pumzi, kabla ya kuzama pumua kama kawaida, mmoja akiwa chini mwenzake yuko juu anamwangalia, bila simu mkononi. Anayevunja anakaa kwenye mashua.

Desemba

Hakuna kilichofanyika. Mji ulijaa, bwawa lilijaa, mtori ulipikwa.

11 Januari 2025: Mwezi, mashua na arubuni iliyopotea

Tulimtumia arubuni ya shilingi 150,000 mtu aliyejitangaza ana boti Pangani. Risiti ya simu tulipata, boti hatukupata, na namba haipatikani. Pesa hiyo imekufa. Tangu hapo tumekubaliana kutolipa mashua kwa mtu ambaye nyumba ya wageni tunayolala haimjui.

Mwenye nyumba ya wageni alituunganisha na nahodha mzee. Swali lake la kwanza halikuwa bei. Aliuliza tunakuja siku ya ngapi tangu mwezi kuandama. Nilikuwa na tarehe ya Jumamosi 1 Machi kwa sababu mshahara umeshatoka. Akasema, “Hiyo ni bamvua, mwanangu. Maji yanakwenda mbio, na hao wageni wa maji utawaokota kule kijiji cha Kipumbwi.” Kweli, mwezi unaandama 28 Februari. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti inafika mita tatu na zaidi, na kati ya kujaa na kupwa mkondo unavuta. Katikati ya mwezi kuandama na mwezi mpevu ni maji mafu, tofauti ndogo, mkondo mpole. Tukachukua 21 hadi 24 Februari, mwezi ukiwa umebaki nusu.

Wanaojua bahari yao wanapenda kwenda Maziwe maji yakipwa, mchanga uwe mpana. Kwa watu wasiozoea nashauri maji mafu, mchanga uwe mwembamba lakini bahari isiwaburute.

Tumenunua majaketi ya kuokolea kumi, 25,000 kila moja, jumla 250,000. Nahodha ana yake machache. Tulijadili kuyaacha ili kubana matumizi, Mama Mkubwa akafunga mjadala kwa kuuliza nani yuko tayari kwenda kumweleza mke wa nani.

1 Februari: Wawili wa mitungi

Vijana wetu wawili walishapanga: Jumapili wazame na mtungi kwa mwalimu mwenye cheti, Jumatatu warudi Moshi, Jumanne waingie lango la Marangu na wageni. Ratiba imekataliwa, na naiandika kwa urefu kwa sababu kampuni nyingi za hapa zinauza mlima na bahari pamoja, na wafanyakazi hawaambiwi.

Mlima tunaujua: kilele cha Uhuru, mita 5,895, hewa ina mgandamizo wa kama nusu ya ule wa pwani. Bahari inafanya kinyume na inafanya haraka: mita 10 tu chini ya maji mgandamizo umeshakuwa mara mbili. Ukipumua hewa ya mtungi huko, naitrojeni nyingi inayeyuka kwenye damu na misuli. Ukipanda taratibu inatoka kwa pumzi, lakini haitoki yote papo hapo, inachukua saa nyingi. Ukienda mahali penye hewa nyembamba kabla haijaisha, inatoka kama viputo ndani ya mwili. Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, na ikiwa mbaya kupooza.

Miongozo ya wazamiaji inasema usipande ndege mpaka zipite angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, na angalau saa 18 ukiwa umezama mara kadhaa au siku mfululizo. Watu wengi hudhani hiyo ni habari ya ndege tu. Barabara nayo inapanda. Moshi iko kama mita 800 na kitu juu ya bahari, Arusha kama 1,400, na lango la Marangu linakaribia 1,900. Miongozo hiyo ilitengenezwa kwa mwinuko usiozidi mita 2,400 hivi, na kibanda cha Mandara, usiku wa kwanza, kiko 2,720. Mtu wa Mandara ameshatoka nje ya kitabu.

Kuna ubaya mwingine ambao sisi waongozaji ndio tutauelewa. Mtu akiwa kibanda cha Horombo anaumwa kichwa, amechoka, anatapika, tunasema mwinuko. Kama alikuwa majini juzi, nitajuaje ni kipi? Kumshusha ni sahihi kwa vyote viwili, lakini mwenye viputo kumshusha peke yake hakutoshi, anahitaji oksijeni na daktari anayejua habari za kuzama.

Suluhu: wamebadilishana zamu na wenzao, hawapandi mpaka wiki inayofuata. Na mtungi wameuhamishia Jumamosi, mara moja tu, ili Jumapili wawe wa snokeli na Jumatatu barabarani. Kwa mgeni anayetaka vyote viwili jibu letu ni moja: mlima kwanza, bahari baadaye. Snokeli haina shida hii, kwa sababu hewa unayovuta ni ya juu, haijakandamizwa. Waliobaki 12 wanaweza kulala Pangani na kuamkia Moshi.

22 Februari: Njiani na siku ya kwanza

Ijumaa: Himo, Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, kisha kushuka Pangani. Tochi za trafiki nyingi, dereva mstaarabu, ndizi na nyama kwenye mahotipoti.

Tulilala mjini Pangani, upande wa kaskazini wa mto, kukwepa kivuko cha kwenda ng'ambo ya Bweni na Ushongo. Faida ni bei. Hasara ni kwamba mashua inatokea mtoni na kupita mlangoni mwa mto, na pale mto unapokutana na bahari mawimbi husimama hata siku tulivu. Waliokunywa supu ya asubuhi waliirudisha hapo. Waliokula mihogo mikavu na chai ya tangawizi walipona. Jumapili hakuna aliyegusa supu.

Mto huo ni wa kwetu. Maji ya Chemka yanaingia Kikuletwa, Kikuletwa inakutana na Ruvu katika Nyumba ya Mungu, na kutoka bwawani ndiyo Pangani. Kwa msafiri maana yake ni moja: usithubutu kuweka snokeli karibu na mji. Maji ya mlangoni yana rangi ya chai ya maziwa, huoni mkono wako. Yalianza kusafika baada ya nusu saa ya mwendo, na Maziwe yalikuwa ya buluu hasa.

Nahodha alitia nanga kwenye mchanga, mbali na matumbawe. Kaskazi lilikuwa jepesi asubuhi, maji yanajaa polepole. Tulishuka wanne wanne, majaketi yamevaliwa, kamba ndefu yenye boya nyuma ya mashua ya kushika anayechoka. Mafunzo ya ukutani yalilipa hapo hapo. Watu waliweka uso, wakatulia, wakaning'inia.

Wakati huo vijana wawili walikuwa kwenye boti nyingine na mwalimu wao. Mmoja aligeuza kutoka mita nne, sikio halikufunguka. Alikuwa na mafua akayaficha. Mwenye mafua asizame, hata dawa ya kuzibua pua isimdanganye, na hata kwa snokeli asipige mbizi. Pesa haikurudishwa, na ilikuwa haki.

Kitu kilichonishika mimi hakikuwa kikubwa. Pono mmoja, kijani na waridi, mkubwa kama kiganja na nusu, alikuwa anakwangua jiwe lililo mita mbili chini yangu. Nilimsikia kabla sijamwona: krr, krr, kama mtu anayekwaruza ukoko wa sufuria. Ana meno yaliyoungana yakawa mdomo mgumu, anakula vimwani vilivyo juu ya jiwe na kumeza chokaa pamoja navyo. Alisogea kidogo, akatoa nyuma yake wingu jeupe la mchanga, akaendelea kula. Nahodha alicheka nilipomwuliza. Akasema sehemu ya mchanga tuliokalia imepita tumboni mwa hao.

Lililoharibika: migongo. Tulijiona weusi, jua halituhusu. Ukielea saa nzima jua linapiga nyuma ya magoti, kiunoni na shingoni, na kisiwani hakuna kivuli hata cha kijiti. Usiku nyumba nzima ilinuka mafuta ya nazi. Dawa yake ni fulana ya mikono mirefu na taiti, ambazo pia ni bora kuliko mafuta ya jua yanayoelea juu ya matumbawe. Chukueni turubai pia.

23 Februari: Siku ya pili

Wote waliingia isipokuwa aliyeungua sana. Mwenyekiti alisimama juu ya mwamba kurekebisha miwani, akapigiwa kelele na nahodha mpaka akaona haya. Tumbawe ni mnyama hai na mwamba kama ule huota kwa miaka mingi sana. Tena mule nyufani kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu, ukiwakanyaga mwiba unakatikia ndani. Ukitaka kurekebisha miwani, geuka chali, elea. Zoezi hilo hatukulifanya bwawani. Litaongezwa.

Sehemu fulani za mwamba ni vifusi tu. Nahodha alitaja uvuvi wa mabomu wa miaka iliyopita, uliolitesa sana eneo la Tanga. Kuna pia yaliyokufa kwenye joto la bahari la 1998. Katikati ya vifusi kuna matumbawe machanga, ya ukubwa wa sahani.

Masimulizi ya samaki yapunguzwe robo: majini vitu vinaonekana vikubwa kwa theluthi moja na vimekaribia, kwa sababu mwanga unapinda ukitoka majini kuingia kwenye hewa ya miwani. Chewa wa dada wa saluni tayari amefika urefu wa meza.

Mchana kaskazi likapanda, tukaondoka mapema.

8 Machi: Hesabu

Vifaa: mitumba 96,000, seti mpya 225,000, majaketi 250,000. Mazoezi: bwawa 210,000, Chemka 190,000. Coaster na mafuta, siku nne: 1,400,000. Vyumba saba, usiku tatu: 840,000. Mashua siku mbili pamoja na tozo za hifadhi: 700,000. Chakula 700,000. Arubuni iliyopotea 150,000. Jumla 4,761,000, sawa na kama 340,000 kwa mtu, zaidi ya makisio kwa 90,000. Mtungi haumo, kila mmoja alijilipia.

Kama moja ya tano ya pesa ilitumika kwa vifaa na mazoezi kabla hatujaondoka, na mweka hazina bado anaona ni nyingi. Mimi ningeongeza asubuhi mbili za bwawa na kupunguza usiku mmoja Pangani.

Vifaa vimesuuzwa kwa maji baridi na kukaushwa kivulini. Chumvi na jua hula silikoni. Mikanda miwili imekatika, miwani mmoja unavuja pembeni. Kikundi kitakachotaka kuazima kitalipa 5,000 kwa seti kwa wikiendi, arubuni 20,000, na miwani irudi bila dawa ya meno kwenye ukingo. Sanduku liko dukani kwa mweka hazina, na kanuni za pumzi zimebandikwa ndani ya mfuniko.